Begi Lisilopokelewa

Wiki ya pili baada ya kustaafu, Glory alinitumia picha tatu kwenye simu. Glory ndiye binti aliyechukua eneo langu la kazi. Ni afisa mifugo mpya, mwepesi, mwenye bidii, na bado anaamini kwamba ng'ombe akiombwa kwa upole atasimama. Kila picha ilikuwa ya begi la mgongoni. La kwanza lilikuwa kubwa, lina mifuko mpaka juu ya mifuko. La pili lilikuwa na tundu la kuchomekea chaja. La tatu lilikuwa dogo, rangi ya vumbi, halina sura wala fahari. Chini yake aliandika: "Shikamoo Mama. Nichukue lipi?"

Nikamjibu, "Marahaba. Hilo dogo. Ila kwanza ligeuze nje ndani uangalie mishono."

Akauliza kwa nini dogo, wakati dawa zenyewe ni nyingi na eneo lenyewe ni nusu ya mlima. Nikaanza kumwandikia jibu kwa kidole kimoja, simu ikawa inanibadilishia maneno, mwisho nikaiweka chini nikachukua daftari. Kwa hiyo haya ni majibu kwa Glory, na wengine wa ofisini mnaruhusiwa kuchungulia. Wanaotaka kujua nilivyopanda vyeo wasijisumbue, habari hiyo ni fupi na inachosha. Mimi nataka kusema habari za begi. Na siwezi kusema habari za begi bila kumtaja Nashipai wa Oldonyo Sambu, ambaye nilimkosea nikiwa na umri wa Glory, nikakaa na kosa hilo karibu muda wote niliokaa kazini.

Niliripoti Arusha nikitokea nyumbani Marangu, cheti cha mifugo mkononi bado kinanukia wino. Nilipangiwa kufuatana na Mzee Kaaya, Mmeru mrefu wa maneno machache, ambaye alikuwa ametibu ng'ombe wa pande zote za mlima kabla mimi sijazaliwa. Watu walimwita Daktari, kama watakavyokuita na wewe, Glory, hata ukiwaeleza mara mia kwamba hujasomea udaktari. Yeye alikuwa na koti la kaki na kibegi cha turubai kilichokaa bega moja, kidogo kiasi kwamba siku ya kwanza nilidhani ni chakula chake cha mchana.

Mimi nilikuja na begi la rangi ya machungwa. Nililinunua mitumbani, kwa wale wanaouza vifaa vilivyoachwa na watalii wa mlima. Nadhani mzungu fulani alishuka nalo Meru akaapa kwamba hapandi tena maishani. Lilikuwa na mikanda ya kiunoni, mikanda ya kifuani, kamba za kuvuta ambazo mpaka leo sijui zilikuwa zinavuta nini. Nilitia humo kila kitu: chupa za dawa, kamba mbili, gambuti, koti la mvua, kitabu kizima cha magonjwa, na sufuria ndogo ya kuchemshia sindano. Nikilivaa nilikuwa naonekana kama kabati linalotembea.

Mzee Kaaya alilitazama asubuhi ile kwa muda mrefu.

"Unahama?" akaniuliza.

"Hapana Mzee. Ni vifaa vya kazi."

"Aa," akasema, akatangulia.

Sasa, ninyi mliokulia huku mnajua. Pande zetu mgeni haachwi kusimama na mzigo. Ukitokea tu kwenye njia ya nyumba ya mtu, awe Mmeru, Mchaga, Mwarusha au Mmasai, lazima mtu atoke mbio akuambie, "Karibu, nikupokee," na kabla hujajibu mzigo umeshatoka mgongoni mwako uko ndani. Unawekwa kitandani, au kwenye kiti kile chenye kitambaa cha kufuma ambacho hata baba mwenye nyumba hakikalii. Kumtua mgeni mzigo ni kumwambia kwamba hapa amefika kwao. Na kadiri mzigo ulivyo mkubwa ndivyo mbio zinavyokuwa kubwa. Begi langu la machungwa lilikuwa linaonekana toka kilima cha pili, kwa hiyo mapokezi yalikuwa yananianzia njiani.

Nilipenda sana. Nilikuwa msichana mgeni wa kazi, na kila nyumba ilinipokea kama mkwe. Sikujiuliza kwa nini kibegi cha Mzee Kaaya hakuna aliyekigusa.

Miezi michache baadaye Mzee aliniachia upande wa kaskazini peke yangu. Kituo changu cha kwanza Oldonyo Sambu kilikuwa kwa mama mmoja mjane, tukimwita Mama Saning'o kwa jina la mwanawe. Saning'o alikuwa anafanya kazi mbali. Alikuwa amemjengea mama yake nyumba ya vyumba viwili ya bati, yenye mlango wa mbao na kofuli, mlango wa kwanza wa kofuli kitongoji kizima. Na alikuwa ndiyo kwanza ameoa. Mkewe alikuwa Nashipai, msichana mwembamba mwenye macho ya kuangalia chini, ana wiki kadhaa tu pale na bado anapimwa kwa kila anachofanya. Mali ya nyumba hiyo ilikuwa mbuzi wachache na ng'ombe mmoja wa kisasa aliyeitwa Upendo, aliyezaa ndama jike siku moja kabla. Maziwa ya Upendo ndiyo yaliyokuwa yaanze kuilisha nyumba ile.

Nashipai aliniona kwa mbali akaja mbio. "Karibu Daktari, nikupokee." Akalibeba begi lile kubwa kuliko yeye, akaingia nalo ndani. Mimi nikakaa nje kivulini, nikapewa maziwa ya mgando, tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za wazazi wangu Marangu. Nilikuwa nimekuja kuwapa mbuzi dawa ya minyoo tu, kwa hiyo sikuwa na haraka. Baadaye Mama Saning'o akasema Upendo yuko bondeni na ndama wake, tangu asubuhi hataki kunyanyuka, labda amechoka kuzaa. Nikainuka, nikamfuata. Mikono yangu ilikuwa mitupu na sikuona ajabu yoyote.

Tulipofika nilijua kabla sijamgusa. Alikuwa amelala kifua chini, shingo ameikunja kichwa kimelala ubavuni, masikio ya baridi. Ni homa ya maziwa, Glory, ile inayoitwa homa na mwili ni baridi. Umeshaifundishwa: maziwa yanapoanza kwa nguvu yanamnyonya ng'ombe kalsiamu yote mwilini, misuli inaregea, na mwisho moyo nao ni msuli. Dawa yake ni chupa moja ya kalsiamu ndani ya mshipa wa shingo, taratibu. Ni tiba ya kujivunia kuliko zote tulizo nazo. Ng'ombe anayekufa anatetemeka, anacheua, ananyanyuka na kukuangalia kana kwamba wewe ndiye uliyekuwa umelala. Chupa nilikuwa nazo mbili.

Nikapeleka mkono mgongoni. Hakuna begi.

Nilipanda mlima ule mbio mpaka nikasikia damu mdomoni. Nikakuta mlango umefungwa kwa kofuli. Nashipai alikuwa amefanya kila kitu alichofundishwa na mama yake: alikuwa ameweka mali ya mgeni mahali pa heshima, akaifungia isiguswe na mtu, akafunga ufunguo kwenye pindo la nguo yake, akaenda kuchota maji ya chai ya mgeni. Maji ya upande ule mnajua yalivyo mbali. Siku zile hakukuwa na simu ya kumpigia mtu.

Leo ule mlango ningeupiga teke mara moja tu. Siku ile nilikuwa na miaka ishirini na kitu, mgeni, mbele ya nyumba mpya ya watu, mlango wa fahari. Nikaona haya. Nikasema tumsubiri kidogo. Nikazunguka nyumba, nikaita, nikasubiri tena. Nashipai alipoonekana na ndoo kichwani nikampungia mkono kama kichaa, akaitupa ndoo, akaja mbio, ufunguo akauingiza kinyume mara mbili ndipo mlango ukafunguka.

Tulipofika bondeni Upendo alikuwa ameshalala ubavu mzima. Nikaingiza sindano. Nilimpa robo ya chupa, akafa mkono wangu ukiwa shingoni mwake. Ndama alikuwa amesimama pembeni analamba kiatu changu.

Mama Saning'o hakulia. Alimgeukia Nashipai akamwambia kwa Kiswahili, makusudi ili na mimi nisikie, "Wewe na ufunguo wako." Basi. Maneno manne. Nashipai akainamisha kichwa.

Na mimi, Glory, nilinyamaza. Hapo ndipo pa kuniuliza. Nilijua vizuri kwamba msichana yule hana kosa, mwenye dawa ni mimi, na mtu mwenye dawa haendi kumwona mzazi aliyelala bila dawa. Lakini lawama ilikuwa imeshapata mtu, na mtu huyo hakuwa mimi, nikaona nafuu. Nikasema, "Poleni sana, ni bahati mbaya," nikachukua begi langu la machungwa nikaondoka.

Kesho yake nilimsimulia Mzee Kaaya. Alinisikiliza huku anasafisha bomba la sindano.

"Kwa hiyo kosa ni la nani, Ndeshi?"

"Ni ule ufunguo, Mzee."

Akaendelea kusafisha. "Ufunguo hauna cheti cha mifugo," akasema. Halafu akaniambia niende nikawaambie wale watu maneno yaliyonyooka, mama mkwe akiwepo. Nikamwambia nitaenda.

Baada ya hapo akaniamuru nimwage begi lote mezani. Alinitaka nitenganishe nilivyovitumia wiki ile na vile nilivyobeba kwa kudhani. Fungu la kwanza lilikuwa dogo mpaka nikaona aibu: kipimajoto, kamba moja, mabomba na sindano, chupa mbili za kalsiamu, dawa ya jeraha, glavu, sabuni, ule mkuki mfupi wa kutoboa tumbo lililovimba. Fungu la pili lilikuwa na gambuti ambazo zingeweza kukaa miguuni, na kitabu ambacho sikuwahi kukifungua mbele ya mtu kwa kuogopa kuonekana sijui. Mzee alikusanya fungu la kwanza akalitia kwenye kibegi chake. Likaingia lote, likabaki na nafasi ya mkate.

"Hiki," akasema, "sijawahi kupokelewa. Watu wanaona ni kama kofia. Nani anampokea mtu kofia?"

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta begi dogo, na msidhani ni kazi rahisi. La kwanza nililinunua dukani kwa kupenda rangi. Lilikaa hadi mvua za Aprili. Zipu ilifumuka nikiwa nimepiga magoti kwenye tope la Engutoto, sindano zikamwagika mbele ya ng'ombe wa mama mmoja wa Kichaga aliyekuwa anatusimamia na kunihesabia kila iliyoanguka. La pili lilikuwa gumu kama bati lakini refu. Kila nikiinama ili nipeleke mkono ndani ya ng'ombe, begi linapanda shingoni na kunivika kichwa. Mara moja lilinigonga kisogoni, mimi nikamgonga ng'ombe, ng'ombe akamgonga mwenye ng'ombe.

Mzee Kaaya, ambaye nadhani alikuwa anafurahia, ndiye aliyenipeleka kwa Bwana Harbans. Huyu alikuwa Singasinga aliyezaliwa hapahapa Arusha, fundi wa maturubai ya malori, karakana yake inanukia nta na chai ya tangawizi. Alikuwa na kilemba cha buluu na miwani aliyoifunga kwa uzi uleule wa kushonea mahema. Nilimpa begi langu lililochanika. Hakuliangalia usoni hata kidogo. Alilipindua nje ndani kama mtu anayechuna sungura.

"Mwenye duka anakuuzia uso," akasema. "Begi linafia tumboni. Ona hapa binti, ukingo umeachwa wazi, nyuzi zinatoka zenyewe kabla hujaweka kitu. Na huu mkanda wa bega umeshonwa kwenye mshono tu, haukushuka kwenye kitambaa. Utang'oka siku una chupa."

Haya aliyonifundisha siku ile nimeyatumia mpaka nastaafu, na ndiyo ninayokupa wewe Glory. Mishono ya ndani iwe imevikwa utepe. Mkanda wa bega ushuke ndani ya kitambaa kama mzizi, tena ushonwe kwa msalaba. Kitako kiwe cha tabaka mbili, kwa sababu begi la mtu wa mifugo linakaa chini kuliko mgongoni. Zipu iwe ya meno makubwa, unayoweza kuivuta na glavu yenye ute. Bitana ya ndani iwe nyeupe au njano. Wengi wanachagua nyeusi kwa sababu haichafuki, halafu wanatafuta sindano humo kama wanatafuta usingizi. Upana usizidi viwiko vyako. Ukilivaa, inama mpaka ushike vidole vya miguu, palepale dukani, waache wakushangae. Likibaki mgongoni, hilo ni lako.

Nilimwomba anishonee mifuko ya nje. Akakataa.

"Unataka begi au unataka duka?"

"Nataka nikitafuta kitu nikipate upesi."

"Basi weka vitu vichache."

Alinishonea kutoka kwenye kipande cha turubai kilichobaki kwenye lori la mtu, rangi ya vumbi, lenye mdomo mpana unaofunguka wote na kitanzi kigumu juu cha kutundikia kwenye uzio. Kabla ya kunikabidhi alilijaza mawe akalining'iniza kwenye boriti, akaenda kunywa chai yake yote taratibu, akarudi. "Sasa chukua," akasema. Begi lile lilidumu kuliko viatu vyote, kuliko pikipiki mbili za serikali, na kuliko wakuu wangu wa idara kadhaa. Zipu niliibadilisha mara mbili na kitako mara moja. Bwana Harbans alipozeeka mikono ikamwacha, alinielekeza mwenyewe kwa mdomo, mimi nikashona.

Na ilikuwa kweli alivyosema Mzee Kaaya: hakuna aliyelipokea. Pale Sekei kulikuwa na bibi mmoja, mama wa Kilutheri mwenye ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, aliyejaribu kila nilipokwenda. "Daktari, lete basi kibegi nikuwekee." Mimi namwambia, "Acha tu Mama, hiki ni kama mkoba wa kanisani." Anacheka, ananiacha. Begi likiwa mgongoni, mkono wangu ulikuwa unafika kwenye kalsiamu kabla mwenye ng'ombe hajamaliza kueleza. Sijawahi kupoteza mwingine kwa homa ya maziwa niliyemkuta bado ana pumzi. Nalisema hili kwa majivuno, na ninyi mkifika umri wangu mtaruhusiwa.

Lakini kule Oldonyo Sambu sikusema neno.

Nilikwenda, msidhani sikwenda. Ndama wa Upendo, Nashipai alimkuza kwa maziwa ya mbuzi, akimnywesha kwa chupa mara nne kwa siku, na mimi ndiye niliyemchanja, nikamkata pembe, nikamzalisha ndama wake wa kwanza. Kila safari nilipanda nimejiandaa na maneno. Kila safari nikakuta jambo: mama mkwe hayupo, au kuna wageni, au mvua inakuja nawahi kushuka. Visingizio havijawahi kunipungukia. Mzee Kaaya aliniuliza siku aliyostaafu, "Ulishawaambia?" Nikamwambia bado. Aliniuliza tena nilipokwenda kumwona akiwa mgonjwa, sauti imeshakuwa ndogo, na jibu langu likawa lilelile. Tulimzika mzee yule nikiwa bado nadaiwa jibu.

Halafu kulikuwa na jambo jingine, ambalo sababu yake niliijua mimi. Tangu siku ile Nashipai hakumpokea mgeni mzigo. Alikuwa mkarimu kwa mengine yote: chai yake nzito, maneno yake mazuri, watoto wake wanakuja kuinamisha vichwa uwaguse. Lakini ukifika na mzigo, unasimama nao mpaka uamue mwenyewe pa kuuweka. Majirani walimsema. Niliwasikia kwenye josho, "Mke wa Saning'o bwana, roho nzuri, ila adabu ya mgeni hana." Nilikuwa nimeshika mkia wa ndama, nikainama zaidi. Neno langu moja lingemsafisha mama yule mbele ya kitongoji kizima. Ndipo nikatambua kwamba kibegi changu kilikuwa kinanifaa kwa kazi mahali pote, ila pale kwa Nashipai kilinifaa kwa kujificha, maana mimi sikuwa na mzigo wa kupokelewa, na hivyo hatukulazimika kukumbuka.

Siku ya kuagwa ofisini mlinipa sanduku la magurudumu. Nawashukuru sana, ni zuri, lina namba za siri, na wajukuu wanalitumia kusukumana sebuleni. Jioni ile nilipofika nyumbani nilimwaga begi langu la turubai mezani kama alivyonifundisha Mzee. Vifaa nilikuwa nimeshakukabidhi wewe, Glory. Vilibaki kipande cha sabuni na kipimajoto cha zamani kisichosoma. Nikalitazama lile tumbo la njano, tupu, nikajua sina tena kazi ya kunifanya niwahi kushuka.

Asubuhi ya Jumamosi nikatia humo kilo ya sukari, majani ya chai na mkate, nikaenda Oldonyo Sambu.

Mama Saning'o alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya ukuta, anaota jua. Macho yamefifia lakini masikio ni mazima. Alinitambua kwa hatua. Nashipai alikuwa anatoka zizini na ndoo ya maziwa. Ana wajukuu sasa, na ng'ombe watano, wote wa ukoo wa Upendo. Alinisalimia, akatua ndoo, akasimama pale alipozoea kusimama, mbali kidogo. Begi lilikuwa mgongoni.

Sikungoja chai. Nilijijua.

"Mama," nikasema, "nimekuja na neno la zamani. Siku aliyokufa Upendo, Nashipai hakukosea. Alimpokea mgeni kama alivyofundishwa. Mimi ndiye niliyekwenda kwa mgonjwa bila dawa, na mimi ndiye niliyeona haya kuvunja mlango. Uliposema yeye na ufunguo wake, nilijua ni uongo, nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka nimestaafu."

 Bibi alizungusha fimbo yake kwenye vumbi.

"Miaka yote hii nadhani ni huyu ndiye anayekuogopa wewe," akasema. "Kumbe ni wewe." Kisha akamgeukia Nashipai, akamwambia maneno machache kwa Kimaa, polepole. Kimaa changu ni cha ng'ombe na magonjwa yao, lakini nilisikia anamwita mwanangu, na nilisikia anamwomba radhi.

Nashipai alikuwa anajifuta mikono kwa kanga, anaifuta muda mrefu kuliko ilivyokuwa na maji.

"Mimi nilijua, Daktari," akasema. "Nilijua siku ileile."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Wewe ndiye ulikuwa umesoma. Mimi nilikuwa nimeolewa juzi." Hakulisema kwa hasira. "Nikasema nitangoja aseme mwenyewe. Kila ukija nakuangalia mdomo."

Nililia, Glory. Sina sababu ya kukuficha. Nililia nimesimama, mtu mzima, mikanda ya begi mabegani.

Alisubiri nimalize. Kisha akasogea karibu.

"Leo kuna mgonjwa unayekwenda kumwona?"

"Hakuna. Nimekuja kwenu tu."

"Basi huna haja ya kusimama na begi," akasema, akanyoosha mikono yote miwili. "Lete nikupokee."

Mikanda ilikuwa imezoea mabega yangu, ikagoma kidogo kutoka. Nashipai alilipokea, akalipima kwa mikono, akatabasamu kwamba ni jepesi, akaingia nalo ndani. Nilisikia kitanda kinalia alipoliweka. Akatoka, mlango akauacha wazi, akanivutia kigoda karibu na mama mkwe wake. Maziwa ya chai aliyachota kwenye ileile ndoo.

Nilikaa pale mpaka saa nane mchana, mgongo wangu mtupu, na sikuuliza begi liko wapi.